Baka la Bega la Kulia

Stambuli aliapa picha ile haitaonwa na mtu. Kazi yake pale mtaani Barani ilikuwa kuchonga picha kwenye kibao cha mti, kukipaka wino, kulaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, kisha kuwauzia Wataliana wa mahotelini. Safari hii alimchonga mkewe, Kaltuma: kakaa kageuza mgongo, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, leso imeteremka, bega lote li nje na baka lake jeusi la kuzaliwa. Hii ni yetu sisi wawili, alimwambia. Halafu akaenda akaianika uani kwenye kamba ya nguo, wino ukauke, akatoka kununua betri za redio kaseti.

Mwanabibi, jirani, akaingia bila hodi kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Kaltuma alipotoka jikoni alimkuta kasimama mbele ya kamba, akatamani ardhi immeze. Lakini Mwanabibi alimgeukia na uso wa matanga.

"Pole, shoga yangu. Huyu mwanamke ni nani?"

Kaltuma akatazama vizuri. Baka lake liko bega la kushoto, na Mwanabibi analijua, maana ndiye aliyemsinga mwili kwa manukato siku ya harusi yake. Kwenye karatasi, baka lilikuwa kulia.

Ilibaki aseme tu ni mimi. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba yeye, mtu mzima, hukaa nusu uchi achorwe. Akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomponza. Kufika alasiri mtaa wote ushajua Stambuli kaoa mke wa pili. Wengine walimweka mke huyo Mambrui, wengine Mtwapa. Mwanabibi akarudi na wenzake wawili na sahani ya kaimati, kuja kumliwaza, na mmoja ashaulizia kadhi anapokea watu siku gani.

Hapo Kaltuma akaona heri aibu kuliko mke mwenza. Akawaambia ni yeye. Picha ya chapa hutoka kinyume, kushoto kukawa kulia.

"Ndivyo alivyokwambia?" Mwanabibi akauliza kwa huruma, akampangusa machozi ambayo hayakuwapo.

Wenzake wakaguna. Waume wana maneno, walisema.

Kaltuma akainuka, akatia komeo mlango wa uani. Akafumua nywele, akateremsha leso, akakaa kawapa mgongo vilevile, akamwambia Mwanabibi ashike kioo nyuma ya mgongo wake, wamtazame humo ndani.

Wakatazama kioo. Wakatazama karatasi. Baka kulia, na kulia.

"Ni wewe," Mwanabibi akasema mwishowe, kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni. "Lakini kiuno kakipunguza."

Kaltuma akajifunga leso yake taratibu. "Kiuno hicho yeye ndiye akipimaye. Wewe kisikutie taabu."

Walicheka hata kaimati zikawapalia. Stambuli alipobisha mlango, walimjibu azunguke kidogo mtaani, bado wanamtazama mkewe.