Mkono Uliopima Kitalu

Mume wangu Gencho hakuamini kipimajoto. Kila mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado chini ya ukuta, alichimba shimo, akalijaza samadi mbichi ya farasi, akaishindilia kwa miguu, akatandaza udongo juu na kufunika kwa madirisha ya zamani. Samadi hiyo mwanzoni hutoa moto wa kuunguza, kisha hupoa, likabaki joto la kuotesha miche. Siku ya kupanda aliijua kwa mkono. Aliuzamisha udongoni, akasali Baba Yetu. Akifika amina bila kuutoa, tunapanda.

Kisha nami nilipaswa kujaribu. "Unasikia, Stoyna?"

"Nasikia," nilimjibu, kwa miaka thelathini.

Uongo mtupu. Vidole vyangu vilikufa ganzi zamani, kwa maji ya moto ya kiwanda cha nyanya. Niliona haya kumwambia, maana aliisifia sana mikono yangu.

Januari, akiwa hajiwezi kitandani, alinipa kitambaa chenye mbegu za pilipili za mama yake. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nazo.

"Panda zote. Zimezeeka kama sisi, mwakani hazioti," alisema. "Mkono wako unajua."

Hapo ndipo ningemwambia ukweli. Nikakifunga kitambaa, nikakitia mfukoni.

Nilimzika, na mwezi wa tatu ulipoingia nikatengeneza kitalu peke yangu. Siku ya tatu nilizamisha mkono, nikasali mpaka amina, nikarudia tena. Shwari. Nikaamini kwamba mkono wangu unajua, kama alivyosema, nikapanda zote, nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Kesho yake jirani yangu Penka alikuja na mkate.

"Umeshapanda, shoga? Haraka ya nini? Gencho angekufokea huko aliko."

Akainua dirisha, akatia mkono. Akautoa upesi, akaupuliza.

"Stoyna, hapa unaotesha mbegu au unachemsha supu?"

Nikazifukua kwa kijiko. Zilikuwa laini, rangi ya kahawia, zimeiva. Nilihisi nimemzika Gencho mara ya pili. Penka akanishika mkono ili nisiendelee, akaugeuza. Vidole vilikuwa vimejaa malengelenge, nami sikuwa na habari.

"Hayakuumi haya?"

"Hayaniumi. Sijasikia kitu kwa mikono hii tangu ujana."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema, na kesho kutwa ilikuwa arobaini ya yule niliyepaswa kumwambia.