Pumzi Mpya ya Pikapu

Pikapu ya mzee Orville ilimzidi umri mkwewe Delphia, na kwa kukohoa iliwazidi wavuta tumbaku wote wa bonde lile la West Virginia. Kila ikikaribia Kilima cha Kanisa ilitoa ulimi nje.

"Jumapili itabeba meza za sikukuu hadi kanisani, kule juu," mzee alitangaza. "Ikipanda, ibaki. Ikishindwa, Jumatatu nawapa watu wa vyuma chakavu."

Nyuma ya kilima kile ndiko kulikokuwa na mji, na mjini ndiko Delphia alikosoma uuguzi jioni, Jumanne na Alhamisi, akimwacha mtoto kwa bibi yake. Mtihani ulibakiza wiki tatu. Gari lingine hawakuwa nalo.

Usiku huo akasoma kitabu chake cha sayansi, kisha akamgeukia mumewe, Harlan.

"Hewa baridi ni nzito, moto unaipenda. Hii pikapu yetu inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini. Ni kama mtu anayekimbia amejifunika blanketi."

Harlan akaweka uma chini. "Basi tuitoe pua nje! Mke wangu, wewe ndiye kichwa, mimi mikono tu."

Jumamosi Harlan akatoboa tundu kando ya taa ya mbele, akaweka hapo kichujio cha hewa na kipande cha bomba la sinki. Kutoka hapo mpaka kwenye kabureta, pale injini inapovutia hewa, akaunganisha bomba jepesi la rangi ya fedha, linalojikunja kama jongoo.

"Hilo umelitoa wapi?" Delphia aliuliza.

"Nimelipata," alisema Harlan, na ghafla naye akashikwa na kikohozi.

Jumapili wakabanana watatu kiti cha mbele, meza zikigongana nyuma. Kilima kikaanza. Pikapu ikapanda, ikapanda tena. Delphia akaanza kutabasamu.

Mzee Orville akanusa. "Nani kajipaka marashi?"

"Si mimi, baba," alisema Delphia.

"Maua haya nayajua. Yananuka kama mashati yangu." Akanusa tena. "Mashati yangu ambayo tangu jana mashine ya kukaushia nguo inayazungusha tu, hayakauki."

Harlan akaitazama barabara kama mtu ambaye hajawahi kuona barabara.

"Harlan! Umeng'oa bomba la kutolea hewa la mashine ya mama yako?"

Kabla hajajibu, pikapu ikapiga kwikwi tatu, ikazimika katikati ya mwinuko.

Delphia akaruka chini, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Akalegeza bomba, akaingiza mkono hadi kiwiko. Kwanza likatoka bonge la kijivu la nyuzi za nguo, kubwa kama paka. Kisha kitu kirefu cha sufu: soksi ya kijani yenye ncha nyekundu.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiapa kwamba mashine ile inakula soksi zake. Mkewe alishampeleka hata kupimwa kumbukumbu.

"Ndiyo hii!" akapiga kelele. "Nilisema! Sina wazimu mimi!"

"Baba, kuhusu bomba..."

"Nyamaza, mwizi wewe. Nipeleke kwa mama yako huko juu upesi!"

"Kwa gari gani, baba?" Delphia akauliza taratibu.

"Si hili hili! Kuna lingine?"

Delphia akalipigapiga bomba kwenye jiwe mpaka likawa safi, akalirudisha, akalikaza kwa waya. Pikapu ikakohoa mara moja, ya heshima tu, kisha ikakipanda kilima kama mbuzi, soksi ikipepea dirishani.

Juu, wanawake walikuwa wakipanga mikate ya mahindi. Mzee alikwisha kuruka chini.

"Na Jumatatu, baba?" Delphia alimwita.

"Jumatatu nakwenda kununua bomba la mashine!" alijibu bila kugeuka. "Jumanne wewe si una darasa?"

Kisha akajipenyeza katikati ya watu, soksi juu, akimtafuta mkewe.