Maji ya Kuchemsha

Siku zile chumba cha kupokelea simu za watu waliodhurika na sumu kilikuwa na meza moja ndefu, na simu zimepangwa juu yake kama sufuria jikoni. Hapakuwa na vioo vya kumtenga mtu na mwenzake. Mfamasia aliyefanya kazi pale amestaafu sasa, lakini meza ile anaikumbuka kuliko nyumba zote alizowahi kupanga. Anamkumbuka zaidi nesi aliyeketi kando yake, waliyembandika jina la Kasuku kwa sababu kila aliloambiwa na mpigaji alilirudia kwa sauti, asije akasikia vibaya.

"Shoga, utanitia wazimu," mfamasia alimwambia mara nyingi.

"Wazimu ulikuja nao, mwenzangu. Mimi nimeukuta."

Mwaka wa mafuriko, mto uliingia vyooni ukatokea visimani. Redio ikatangaza maji yote ya kunywa yachemshwe. Simu zikaanza kumiminika: kichwa, kizunguzungu, kutapika. Mfamasia alijua anachokitafuta, kwa kuwa ghala la dawa za kuua wadudu lilikuwa limezolewa na mto huohuo. Sumu ile humtoa mtu mate na jasho, na mboni za macho husinyaa. Akauliza mate, hakuna. Akauliza jasho, hakuna. Bado akayashikilia maji, maana mji mzima ulikuwa umeyashikilia.

Kando yake Kasuku alikuwa akizungumza na mama mmoja.

"Watoto wote vichwa vinawauma," alirudia Kasuku. "Mdogo amelala, ukimwamsha haamki vizuri. Baba yao mzima, yuko nje tangu asubuhi anazibua mtaro. Maji wamekunywa yaleyale, na baba pia. Mmeyachemshia wapi, mama? Chumbani. Jiko la mkaa liko chumbani, kwa sababu nje mvua."

Mfamasia alimwomba mpigaji wake asubiri. Maji yaleyale, na aliye mzima ni yule aliye nje. Basi sumu haikuwa majini. Ilikuwa gesi ya mkaa, isiyo na rangi wala harufu, katika chumba kilichofungwa madirisha. Watu walikuwa wameitii redio, wakachemshia ndani.

Akanyoosha mkono, Kasuku akampa simu bila kuuliza.

"Mama, fungua mlango. Watoe watoto nje sasa hivi, mdogo kwanza, nawe utoke."

"Dada yangu, mvua yote hii? Si watapata homa?"

"Walowe. Homa tutaitibu kesho."

Kikasikika kishindo cha mlango, kisha mvua juu ya bati. Mama alikuwa akimwita mumewe. Mfamasia alisubiri. Kasuku akasogeza sikio karibu na simu.

Ndipo kilio kikaja, chembamba, cha mtoto aliyekasirika.

"Yule mdogo anasema anasikia baridi," mama alisema.

"Mwache alie. Mpelekeni hospitali, na jiko lisirudi ndani."

Mfamasia akamrudia mpigaji wake na maneno yaleyale, kisha akampigia mtangazaji wa redio. Mtangazaji akanuna: tangazo limesharekodiwa.

"Rekodi jingine, kaka. Sema maji yachemshwe, na jiko libaki nje, hata barazani."

Alibisha kidogo, kisha akarekodi. Kabla giza halijaingia, simu za vichwa zilikuwa zimepungua.

Jina la mtoto hakulipata. Akipiga hesabu, sasa ni mtu mzima mahali fulani, na huenda mvua haipendi.