Pumzi ya Dakika Arobaini

Kwa miaka mitatu mwanafunzi yule alilisikiliza Jua kama tabibu asikilizavyo kifua cha mgonjwa asiyeweza kupasuliwa. Uso wa Jua hupanda na kushuka kila baada ya dakika tano hivi, na mawimbi hayo, yakitoka chini, husimulia yaliyoyakuta njiani. Kiini chenyewe ndicho kilichonyamaza. Yeye akaamini amekisikia: wimbi jembamba, la polepole, lililojirudia kila dakika arobaini. Tasnifu yake nzima ilisimama juu ya wimbi hilo, na Ijumaa alitakiwa kuiwasilisha.

Jumatatu asubuhi alimkuta fundi wa mitambo, waliyemwita Mama Bisibisi, ameketi kando ya meza ya darubini, kikombe cha chai mbele yake, macho kwenye saa.

"Unamngoja nani, mama?"

"Huyu mvivu." Alikielekeza kidevu kwenye kipoza hewa. "Anafanya kazi kidogo, analala. Akiamka, meza inatetemeka, chai yangu inajua. Kama mjomba wangu, ila huyu angalau ana ratiba."

"Ratiba gani?"

"Dakika arobaini. Hazipungui."

Mwanafunzi alicheka kwa adabu, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomfunga. Mwaka wa tatu huu."

Mwanafunzi alikigeukia kipoza hewa. "Mzime kwa siku mbili," akasema.

"Mwanangu, mwingine angeniomba nifunge mdomo."

"Nimelifikiria hilo pia, mama."

Jumatano jioni alichora grafu upya. Mawimbi ya dakika tano yalikuwepo tele, kama jana na juzi. Penye arobaini palikuwa tambarare, kama uwanja uliofagiwa. Alihesabu tena, mara tatu, akitafuta kosa kwa matumaini ambayo hakuwahi kuyaweka katika kutafuta ukweli.

Ijumaa wenzake walipokuwa wakipiga picha na tasnifu zao, yeye alimpelekea msimamizi wake ukurasa mmoja: wimbi si la Jua. Kisha akarudi chumba cha darubini. Kipoza hewa kilikuwa kimewashwa tena, kwa kuwa hakukuwa tena na kipimo cha kulinda.

"Na kiini kimesemaje?" Mama Bisibisi aliuliza, akimsogezea kikombe.

"Hakijasema neno."

Alikipokea, akakiweka mezani. Baada ya muda, bila kutazama saa, mwanafunzi aliona chai ikikunjamana juu, duara ndani ya duara.