Jina la Baba Mkwe

Bibi Tusajigwe aliyajibu maswali ya daktari kama mtu anayepukuchua mahindi, haraka na bila kuangalia mikono. Huu ni mwezi gani? Alijua. Mchungaji wa kwanza wa kanisa lao alikuwa nani? Alimtaja, akaongeza na uchoyo wa mkewe. Mjukuu wake alikuwa amelala mapajani mwake, naye kila alipomaliza kujibu alimpapasa kisogo.

Damari alitafsiri kila neno, Kinyakyusa kwenda Kiswahili na Kiswahili kurudi Kinyakyusa. Sauti yake ilikuwa shwari. Rohoni alikuwa anatokota.

Mwaka huo wa 1976, Daktari Edmund alikuwa akizunguka vijiji vya milimani nje ya mji wa Mbeya, akichunguza jinsi akili za wanawake zinavyobadilika uzeeni. Mkalimani alikuwa amempata Iringa: Damari, mhudumu wa wodi, mwanamke mkimya aliyeishi mtaa wa Mlandege kwa shangazi yake. Walipokuwa wakinywa chai Igawa, kando ya barabara kuu, ndipo daktari alipomtajia kijiji cha mwisho. Damari akaweka kikombe chini. Huko ndiko alikoolewa, na huko ndiko alikofukuzwa. Angeweza kusema anaumwa, arudi na basi la jioni. Hakusema.

Kwa watu wa huko, mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake hata nyumba ikiungua. Miaka tisa nyuma, wanaume walikuwa wakikata mkaratusi kandokando ya shamba la kahawa. Mti ukaanza kulalia upande wa baba mkwe wa Damari, naye mzee alikuwa ameupa mgongo. Damari, mtoto mgongoni, akapiga ukelele akimwita kwa jina. Mzee akaruka, akapona. Wiki chache baadaye homa ikamchukua mtoto, na Tusajigwe, mama mkwe, akasimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba kichanga kimeuawa na jina alilolitamka mama yake. Mume wa Damari, Lutengano, akainamisha kichwa. Mzee mwenyewe, aliyekuwa bado anapumua kwa sababu ya jina hilohilo, hakufungua kinywa mpaka anaingia kaburini. Damari alirudishwa kwao udongo wa kaburi la mwanawe ukiwa bado mbichi.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Asubuhi ile Bibi Tusajigwe alikuwa ameitikia salamu yake kama anayemwitikia muuza chumvi. Damari hakuwa amesamehe, na wala hakuwa na nia.

Sasa, kulikuwa na swali moja ambalo daktari, mzaliwa wa pwani, alilitunga bila kujua anagusa kidonda gani: mama anayehojiwa ataje majina ya wakwe zake. Kila kijiji walichopita, Damari alikuwa akilikwepesha. Aliwauliza kina mama jina la mjomba, akampa daktari jibu hilo, na kila mmoja akaenda zake na heshima yake. Leo, kwa mara ya kwanza, alilitafsiri kwa uaminifu.

"Daktari anauliza, baba mkwe wako aliitwa nani?"

Mkono wa bibi ukaganda juu ya kichwa cha mtoto. "Damari," akasema polepole. "Wewe unajua."

"Mimi ni mkalimani tu, mama."

"Mweleze."

"Ameuliza jina, hakuuliza maelezo."

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu uwanjani wakaanza kunong'ona. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na Kiswahili cha kumfikia daktari.

"Hakumbuki?" daktari akauliza. "Ajabu. Mambo ya zamani ndiyo huondoka mwisho."

"Ndivyo alivyo siku hizi," Damari akasema. "Wanasema juzi alisahau chungu motoni, kibanda kikanusurika kuungua." Uongo ulimtoka laini, akashangaa ulivyokuwa mtamu.

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi asiachwe na moto. Wala na mtoto. Mwambie huyo mama amchukue."

Huyo mama alikuwa Ikupa, mke mpya wa Lutengano, aliyesimama mlangoni. Damari akamfikishia agizo kama lilivyo: bibi amepungukiwa akili, mtoto aondolewe. Ikupa akasogea, akanyoosha mikono kwa woga. Bibi akamkumbatia mjukuu kwa nguvu, akatazama mikono ile, akamtazama daktari, akamtazama Damari.

"Kasyupa!" akapayuka. "Baba mkwe wangu aliitwa Kasyupa! Nina akili zangu zote!"

Daktari akacheka kwa furaha. "Kumbe anakumbuka! Mwambie ana kumbukumbu ya kijana."

Lakini Ikupa alikuwa ameshamnyakua mtoto, anakimbia naye kuelekea migombani. Tangu aolewe alikuwa akifundishwa na bibi huyuhuyu kwamba jina la namna hiyo huua vichanga.

Bibi Tusajigwe akabaki na mapaja matupu. "Mwambie arudi," akasema. "Mwambie jina haliui mtoto."

"Mwambie wewe."

"Wewe atakuamini, mimi hataniamini."

"Sema wewe, mama. Paza sauti, na hawa wasikie. Walikuwepo msibani."

Bibi akawatazama wenzake mmoja mmoja. Kisha akasema kwa sauti iliyofika migombani. "Mtoto wa Damari aliuawa na homa. Nilimshika usiku kucha, alikuwa anawaka. Nilijua tangu siku ile."

Miaka yote Iringa Damari alikuwa amejiandalia kicheko cha siku hii. Alikitafuta, hakukipata. Kifua kilimuuma mahali palepale pa zamani, na chuki yake ilikuwa bado nzima, ila sasa haikuwa na pa kwenda.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema mtoto wangu aliuawa na homa."

Kalamu ikasimama. "Mtoto wako?"

"Aliitwa Yotamu," Damari akasema. "Andika."