Sauti Iliyobaki Mapokezi

Jumatatu ya kwanza baada ya muhula wa nje, mratibu wa mafunzo kazini aliwapokea wanafunzi wake katika ofisi ambayo zamani ilikuwa stoo ya viti vibovu. Baadhi ya viti vilikuwa bado vimo, vimeegemezwa ukutani miguu juu. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja, wakasimama mbele ya meza na ripoti zao, wakaeleza walikopelekwa na walichojifunza. Mmoja alikuwa amejifunza kutengeneza pampu za maji. Mwingine alikuwa amejifunza kuchemsha chai ya idara nzima, na alilisema hilo bila haya kwa kuwa aliulizwa ukweli. Mratibu aliyaandika yote mawili. Wanafunzi walimwita Mama Muhula, na jina lilimkaa hata walinzi wa lango wakawa hawamjui kwa jingine.

Kisha akaingia binti waliyemwita Chiriku. Jina hilo alilipata mwaka wa kwanza, maana alikuwa akisema tangu langoni mpaka kwenye kiti chake, na akikosa wa kusema naye aliimba. Muhula ule alikuwa amekaa mapokezi ya kampuni ya bima, akipokea simu. Aliweka ripoti mezani, akaamkia kwa kupiga goti kidogo, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Mafua?" Mama Muhula akauliza.

Chiriku akatikisa kichwa. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: *Imebaki kazini.*

Mama Muhula alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma tena. Kisha akanyanyua simu ya mezani na kuipigia kampuni ya bima.

"Habari za asubuhi, karibu sana," ilijibu sauti ya Chiriku, changamfu, yenye kile kicheko chake kidogo mwishoni. "Nikusaidie nini?"

Binti mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, midomo imefumba, akisikiliza.

"Ni mimi, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko huko na muhula umekwisha?"

"Sijaruhusiwa, mama. Samahani kidogo, kuna simu nyingine inaingia. Naomba usubiri."

Muziki laini ukaanza kupiga. Mama Muhula alisubiri mpaka ukajirudia, kisha akaweka simu chini taratibu.

Alielewa kilichotokea, kwa sababu utaratibu wenyewe aliuanzisha yeye. Zamani wanafunzi walikuwa wakimaliza mafunzo wanachomoka kimyakimya kama watu waliotoroka deni, na wenyeji wao wakalalamika. Akawawekea adabu ya kuaga. Siku ya mwisho mwanafunzi humwendea mkuu wa kazi, husimama, husema, "Naomba ruhusa." Mkuu naye hujibu, "Tumekuruhusu, nenda salama." Hapo ndipo mafunzo huwa yamekwisha. Kila muhula kabla ya kuwatawanya aliwaambia jambo moja: aliyeingia kwa adabu hutoka kwa adabu. Chiriku aliomba ruhusa. Meneja alikuwa akitoka kikao kimoja kuelekea kingine. Alisaini ripoti akiwa ameiegemeza mlangoni, akasema, "Sawa, sawa, baadaye," akapita. Binti alimsubiri mpaka mlinzi alipoanza kuzima taa za korido. Akaenda nyumbani. Sauti, ambayo ilifundishwa adabu, ilibaki kungoja jibu.

Alasiri ile Mama Muhula alimfuata Chiriku kwao kuomba radhi. Mama mtu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akipinda suruali ya sare ya shule, na hakuacha kukanyaga mashine mgeni alipoketi.

"Tulijua tangu Ijumaa," alisema. "Jioni huwa anatuongozea sala, yeye ndiye mwenye sauti humu ndani. Ijumaa tukapiga magoti, tukangoja. Kimya. Baba yake akadhani amenuna."

"Nitairudisha, dada yangu."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Mwalimu, mimi nilikukabidhi mtoto mzima. Nikakuuliza pale pale ofisini kwako, huko mnakompeleka ni kwa watu? Ukaniambia ni kwa watu."

Chiriku alileta maji katika glasi, akampa mwalimu kwa mikono miwili. Kwa mazoea alifungua kinywa kumkaribisha, kisha akakifunga.

Kesho yake Mama Muhula alikwenda kwenye kampuni ya bima. Mlinzi wa mlangoni alimwandikisha na kumwelekeza. "Ongea na hicho kiti, mama. Kinajibu vizuri kuliko sisi."

Mapokezi palikuwa safi. Nyuma ya meza ndefu kulikuwa na kiti cha magurudumu kisicho na mtu, na wafanyakazi walikuwa wamekivalisha sweta ili wageni wajue pa kutazama. Sauti ilitoka juu kidogo ya kola ya sweta. Ilikuwa ikimweleza mtu fulani, kwa upole, mara ya pili au ya tatu, kwamba moto wa jikoni na moto wa umeme haulipwi namna moja. Mfagizi alikuwa akipangusa mikono ya kiti na kuinua sweta kidogo ili apanguse na chini yake.

"Mwanangu," Mama Muhula alisema simu ilipokatika, "inuka twende."

"Nitaondokaje bila kuagwa, mama?"

"Ondoka tu. Mimi mwalimu wako nimesema."

"Ulitufundisha wewe mwenyewe. Na nikiondoka kama mwizi, wenzangu wanaokuja watapokelewa vipi?" Simu ililia. "Habari za asubuhi, karibu sana."

Meneja alimpokea kwa heshima zote. Alimvutia kiti na kuagiza maji ya chupa. Alikuwa na mashavu ya mtu aliyelala vizuri.

"Mwalimu, hongera," alisema. "Mmetuletea lulu. Haendi chakula cha mchana, haendi msalani, haugui, hana nauli wala msiba. Tumeongeza saa za huduma mpaka usiku."

"Muhula wake umekwisha."

"Lakini anaendelea kupata uzoefu. Uzoefu ni akiba, mwalimu. Haiozi."

"Naomba useme maneno matatu. Tumekuruhusu, nenda salama. Niko hapa, nitamchukua mwenyewe."

Meneja alicheka, si kwa ubaya, kama anavyochekwa mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi hauanguki. "Nikisema, simu atapokea nani?"

"Ajiri mtu."

"Mtu tulikuwa naye. Mama mmoja hivi, mzuri tu. Tulimpumzisha wiki aliyofika binti yenu. Unataka nimrudishe nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Sikiliza, dada. Mimi sikumlazimisha mtu. Nilisaini ripoti, nikampa alama za juu. Kama sauti imependa kazi, nimfukuze?" Akasimama, maana yake mgeni asimame. "Angengoja nitoke kikao, haya yote yasingekuwepo."

Mama Muhula alishuka kwa ngazi. Kwenye kona ya ngazi, palipokuwa na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, alisimama akasali. Hakuomba meneja aadhibiwe, ingawa neno lilimfika ulimini akalimeza. Aliomba apewe namna ya kusema ambayo mtu aliyeshiba anaweza kuisikia. Juu yake sauti ya Chiriku ilikuwa ikimtakia mtu siku njema.

Alimpelekea habari mkuu wa chuo. Mkuu alizipokea bila kushangaa. Alikuwa akila karanga kutoka kwenye droo, na alimsukumia nyingine.

"Taratibu, Mama Muhula. Wangapi siku hizi wanakubali kupokea wanafunzi? Unajua wewe kuliko mimi. Unazunguka mpaka viatu vinaisha, unaambiwa njoo kesho. Hawa wanapokea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Tumeinama, mkuu. Tumeinama mpaka tumelala kifudifudi, na cha mvunguni hatujakiona."

"Binti amerudi. Anatembea, anakula."

"Amerudi nusu."

"Kuna waliorudi hawakupata hata cheti," mkuu alisema, akafunga droo.

Lililobaki likawa uwasilishaji. Kanuni ya chuo ilisema kila mwanafunzi ataitetea ripoti yake mbele ya jopo, kwa sauti yake mwenyewe, na asiyefanya hivyo hahitimu. Chiriku alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo. Mama yake alikuwa ameshalikata gauni la mahafali, kitambaa cha buluu kilichosetiriwa ndani ya gazeti. Jopo lilijadili na kuona kanuni haisemi sauti iwe chumba kimoja na mwenye nayo. Basi wakaweka simu katikati ya meza, wakawasha spika, wakaipigia kampuni ya bima.

Chiriku alisimama ubaoni na fimbo ya kuelekezea. Sauti ilieleza, yeye akaonyesha. Waliachana kidogo tu: mara mbili tatu sauti ilikuwa imefika kwenye mchoro wa pili naye bado yuko kwenye wa kwanza, akakimbilia. Meneja alikuwa amealikwa kama mtahini kutoka nje. Aliketi pembeni, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Ulijifunza nini?" mjumbe mmoja akauliza.

"Nilijifunza kusikiliza watu walio na hasira," sauti ilisema. "Anayepiga simu bima ana kitu kimeungua au kimevunjika. Ukimwacha aseme, hupoa. Nilijifunza pia kwamba... Samahani, kuna simu nyingine inaingia. Naomba msubiri."

Muziki ulipiga. Jopo lilisubiri. Mjumbe mmoja aligongagonga kidole kwa kufuata mapigo.

"Na changamoto?" waliuliza iliporudi.

Chiriku aliishusha fimbo.

"Changamoto ni kwamba bado nipo hapa."

Mjumbe akaandika: *Anajiamini.* Wakampa alama za juu.

Hapo Mama Muhula alisimama, ingawa si zamu yake. "Meneja. Simu iko wazi, binti yuko hapa, sisi sote ni mashahidi. Sema maneno yale. Hutapungukiwa hata na ukucha."

Kutoka kwenye spika ilisikika pumzi, na kila mtu alijua ni ya nani, kwa sababu kifua cha Chiriku kilikuwa kikipanda na kushuka pamoja nayo. Meneja alitazama saa yake.

"Hilo tutalizungumza," alisema.

"Ni maneno matatu."

"Mama Muhula," mkuu wa chuo alisema kwa sauti ndogo, "usituaibishe mbele ya mgeni."

Mkuu akamshukuru mgeni kwa kukilea kizazi kipya. Watu wakapiga makofi. Spika nayo ikasema asanteni kwa kupiga simu, mwe na siku njema, ikakatika.

Wakitoka, meneja alimshika Mama Muhula kiwiko kama rafiki. Kitengo cha madai kilikuwa kimelemewa, alisema. Muhula ujao angependa mwanafunzi wa kuchapa, mwenye vidole vyepesi.

"Sitakuletea mtu," Mama Muhula alisema. "Mimi nikiwa hai na akili zangu, hata paka wa chuo sitakuletea."

"Utakuwa umechoka," meneja alisema kwa huruma.

Barua ya kumpeleka mwanafunzi wa kuchapa ilitoka bila sahihi yake. Mkuu wa chuo aliisaini. Muhula ulipokwisha, kijana mmoja mpole aliingia katika ofisi ya viti vibovu, ripoti ameibana kwapani, mikono yote miwili ameitumbukiza mifukoni, mifuko imelala bapa kama haina kitu ndani. Mama Muhula hakumuuliza alichojifunza. Alizunguka meza, akaichukua ripoti kwapani mwake yeye mwenyewe, akamvutia kiti kizima kuliko vingine. Kisha akawapigia watu wa bima, kama alivyokuwa akiwapigia kila asubuhi, akaomba aunganishwe na meneja.

"Yuko kikaoni, mama," sauti ya Chiriku ilimwambia. "Nimemwachia ujumbe wako."

"Wa jana au wa leo?"

"Wote. Hata na wa kwanza."

Mahafali yalipita. Gauni la buluu lilimkaa vizuri. Chiriku alipata kazi ya kupinda nguo kwa mama yake, maana kwenye usaili wowote walimtaka ajieleze, na simu ya kampuni ya bima saa za kazi haikosi watu hata sauti ipate nafasi ya kumsemea.

Jioni Mama Muhula hupita kwao. Fundi hufunika cherehani, baba huzima redio, kijana mpole naye huja siku hizi, maana kwao ni jirani. Mama Muhula hupiga ile namba na kuilaza simu juu ya mkeka.

"Habari za jioni, karibu sana. Nikusaidie nini?"

"Ni sisi, mwanangu. Tumeshapiga magoti."

Sauti hushuka, huacha kile kicheko. Nao huinamisha vichwa, kijana bila kukutanisha mikono, Chiriku akiitembeza midomo pamoja na maneno yake.

"Ee Mungu," sauti husema, "asante kwa siku hii. Wabariki waliokula na wasiokula. Mpe baba macho, mpe mama nguvu ya mgongo. Umguse moyo meneja, kwa maana mimi nimemwomba nimechoka. Na wote ambao bado hawajafika nyumbani jioni hii, uwaonyeshe njia, uwafungulie, uwa... Samahani, kuna simu nyingine inaingia. Naomba msubiri."

Muziki laini huanza kupiga juu ya mkeka. Hakuna anayeinuka. Hubaki hapo, magoti sakafuni, wakingoja amina.