Mstari Mtupu

Kadi ilikuwa na kila kitu isipokuwa mfano. Juu, neno la Kiingereza: relict. Chini yake, mwandiko wa mumewe, uliolalia kulia kama majani yaliyopigwa na upepo: Moja, mjane. Mbili, kitu kilichosalia baada ya wenzake kutoweka. Asili: Kilatini, kuachwa nyuma. Kisha mstari mtupu. Hapo ndipo moyo wa mumewe uliposimama, kwenye dawati hilihili, miezi saba iliyopita.

Tangu siku ile, ofisi nzima ya kamusi ililikwepa neno mjane kama tope. Mkewe, mfasiri wa ofisi hiyo, walimwita Mama Kamusi, walimpisha mlangoni, walipunguza sauti akipita. Hakuna aliyemwita mjane. Wala yeye hakujiita. Kwenye fomu za benki, penye hali ya ndoa, alipiga kistari akaendelea na hamsini zake.

Lakini leo saa kumi masanduku yanakwenda kwa mpiga chapa. Kadi isiyo na mfano hutupwa, na neno hutupwa nayo. Na mfano hautungwi. Ndiyo sheria ya ofisi ile: sentensi ya Kiswahili itoke kinywani mwa mtu, mwingine aisikie, aiandike, atie sahihi.

Mhariri mkuu alikuja na sanduku kifuani. Walimwita Bwana Nukta, maana akisema ameshasema.

"Mama Kamusi, hiyo tuiache. Hata Waingereza wenyewe hawalitumii siku hizi."

"Jembe lisipolimiwa huwa si jembe tena?"

"Nakuonea huruma tu, dada yangu."

"Huruma nayo ina kadi yake, sanduku jingine. Una kalamu?"

Aliitoa mfukoni, akangoja. Mama Kamusi akafungua kinywa, akakifunga. Maneno elfu nne alikuwa ameyatafsiri bila kutetereka. Hili moja lilimshinda. Aliwaza kitanda chake: mto mmoja umebonyea, wa pili umetuna kana kwamba umetoka dukani leo. Mto ule haukuhitaji kamusi. Yeye ndiye aliyekuwa akijifanya hajui kusoma.

"Andika," akasema. "Mimi ni mjane. Kila asubuhi nachemsha maji ya chai ya watu wawili, halafu nusu nayamwaga."

Kalamu ilikwenda, ikasita.

"Niandike yote?"

"Yote. Ndivyo ilivyosemwa."

Bwana Nukta aliandika bila kuinua kichwa, akatia sahihi, akamsogezea kadi. Chini kabisa palikuwa na herufi za jina la aliyeianza. Kando yake, Mama Kamusi akaweka herufi za jina la aliyeimaliza. Wino wa mumewe ulikuwa umeanza kugeuka kahawia. Wake ulikuwa ukimetameta.

Akaiinua kadi mdomoni, akaipuliza.

"Imeshakauka, dada," Bwana Nukta alisema, sanduku likiwa wazi mikononi mwake.

"Najua," alisema, akaendelea kupuliza.